Barua kwa Baba: kuhusu neno "ulemavu" lililokutia hofu

Lawton, Oklahoma, Marekani
14 Septemba

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba, na assalaamu alaykum nyote hapo nyumbani.

Nimearifiwa kwamba tangu mdogo wangu akusomee ule ujumbe wangu wa simu, uliosema kuwa nimeomba fidia ya ulemavu wanayopewa wanajeshi wa huku Marekani, hulali vyema, na kwamba Mama amekwishaanza kuniombea dua kama mtu aliyekatwa mguu. Kosa ni langu, kwa kuwa jambo la kuelezwa kwa barua nililibana katika mistari miwili. Miguu yangu yote ipo, Alhamdulillahi, na ninaitembelea.

Sheria ya huku hulitumia neno ulemavu kwa upana ambao sisi hatuuzoei. Si lazima mtu awe kiwete au kipofu; jeraha au ugonjwa ulioanza au kuzidi akiwa jeshini, na ambao bado haujamwacha, hupimwa kwa asilimia, kuanzia sufuri hadi 100, kwa hatua za kumi kumi. Fidia hii si pensheni. Pensheni ya kawaida inataka miaka 20 ya utumishi, nami ninaondoka na minane.

Nimeandika mambo mawili, goti la kulia na masikio. Kombora moja la mzinga wetu wa milimita 155 lina uzito wa zaidi ya kilo 40, nami nimeyabeba miaka yote hii na kusimama hatua chache tu kutoka mzinga unapofyatuliwa. Hata ukiziba masikio, mshindo unaupokea kifuani. Sasa usiku, nyumba ikishatulia, nasikia sauti nyembamba kama ya nyenje ndani ya kichwa, na haizimiki. Mkwe wako huwasha feni hata wakati wa baridi ili nipate usingizi.

Umeuliza kwa nini nisingoje nitoke jeshini kwanza, ndipo nidai. Ningeweza, anayepeleka ombi ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, haki yake huhesabiwa tangu siku iliyofuata kutoka kwake. Lakini upo utaratibu wa kuomba mtu akiwa bado kazini, nao una mlango mwembamba: usiwahi kabla hazijabaki siku 180 za kutoka jeshini, wala usichelewe hadi zikawa chini ya 90. Mimi natoka tarehe 20 Februari, kwa hiyo mlango ulifunguka Agosti na utafungwa Novemba. Nimepeleka ombi wiki iliyopita, pamoja na nakala ya faili langu la matibabu na fomu ndefu ya kujieleza afya yangu mwenyewe. Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa chama cha maveterani, yaani askari wa zamani, naye hakuchukua hata senti.

Sharti lililoniuma ni kwamba kwa siku 45 tangu kupeleka ombi sina budi kuwa karibu, tayari kuitwa na madaktari wa kupima. Ndiyo sababu sitafika arusini mwanzoni mwa Oktoba. Naomba mdogo wangu anisamehe. Sikupenda kulisema kwa simu.

Kuhusu hesabu ya asilimia, usishangae ukisikia kwamba 50 na 30 hazifanyi 80. Fikiria mkate: wa kwanza akikata nusu, wa pili hukata asilimia 30 ya ile nusu iliyosalia, yaani 15, jumla inakuwa 65, nayo huzungushwa hadi 70. Mimi sitarajii kufika huko. Nikifika 30, mke na watoto nao huongezewa chao, na fedha hizo hazikatwi kodi.

Kinachonitia wasiwasi ni faili lenyewe. Miaka ya mwanzo, goti likivimba, sikwenda zahanati ya kikosi, kwa kuwa sajini wetu wa wakati ule aliwacheka waliokwenda, akiwaita wavivu mbele ya wenzao. Nilifunga bendeji, nikanyamaza. Leo goti lina historia ya miaka mitano, na karatasi zake ni za miwili tu. Nilipokuwa nazipanga nilikukumbuka wewe, Baba, na ule mgongo uliotoka nao bandarini: miaka mingi ya magunia, na hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuuandika popote, kwa hiyo walipokupa mkono wa kwaheri hukuwa na cha kuonyesha. Sikukulaumu, wala sikulaumu sasa. Lakini sikutaka niondoke vivyo hivyo.

Nina ombi moja. Kwa kuwa ndoa yetu ilifungwa huko, napenda niwe na nakala ya cheti kilichotolewa na Kadhi, iliyogongwa muhuri, kwa ajili ya lile fungu la mke nililolitaja. Cha asili kimo katika sanduku la bati la Mama, chini ya kanga, ndani ya bahasha ya kaki. Mdogo wangu aipige picha kwanza anitumie, kisha nakala yenyewe ifuate kwa posta.

Mwanao akupendaye