Ile stori ya Galileo na Newton
Wadau mambo, kabla hamjaendelea kufowadi ile posti eti mwanasayansi Newton kazaliwa mwaka uleule aliokufa mwenzake Galileo, hebu ngojeni kwanza. Galileo kafariki 8 Januari 1642 kule Arcetri karibu na Florence, hapo sawa, ila Krismasi ya 1642 aliyozaliwa Newton ni kwa kalenda ya zamani ya Uingereza, ilikuwa nyuma siku 10 ya ile mpya ya Italia na wamekuja kuiacha 1752, Italia siku hiyo walikuwa tayari 4 Januari 1643, yaani mtu kachanganya kalenda mbili kapata mwujiza 😅

Ya kweli ni ya mwanafizikia Stephen Hawking, kazaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya Galileo kufa, na kafariki 14 Machi 2018, bethdei ya Einstein. Hiyo ndo naiweka kwenye kwizi ya Jumamosi, asiyesoma meseji asije kunililia maksi.