Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi: jua la mchana kwenye saiti

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni fundi mwashi hapa Dar es Salaam, na ninakuandikia kuhusu joto la kaskazi.

Januari na Februari, ikifika saa saba mchana, nondo haishikiki bila kipande cha mfuko wa saruji mkononi. Juu ya slabu hakuna kivuli hata cha kuficha kichwa. Vijana wa zege wanapanda na kushuka na ndoo begani, kwa sababu zege likishachanganywa halisubiri mtu. Kipimo kinaonyesha nyuzi 33 na wakubwa wanasema ni kawaida yetu. Lakini hewa ya pwani imejaa unyevu. Jasho linatiririka tu bila kukauka, na mwili hupoa pale jasho linapokauka.

Mtu akizidiwa huanza na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Akianza kuropoka, wenzake husema amelewa, au malaria imempanda kichwani. Kumbe joto la mwili limevuka nyuzi 40, na hiyo ni dharura: apelekwe kivulini, avuliwe shati, amwagiwe maji na apepewe huku gari likitafutwa la kumwahisha hospitali. Kama hajitambui, asinyweshwe kitu. Wasimamizi wangapi wamefundishwa hayo?

Oman, waliko ndugu zetu wengi, kazi za juani ni marufuku kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Joto lao ni kali kuliko letu, sikatai. Ila mwili wa kibarua ni uleule.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tunayo. Naomba itungiwe kanuni ya joto: Desemba hadi Machi tuanze kazi saa kumi na mbili asubuhi, tusimame saa sita hadi saa tisa, na mwajiri aweke maji ya kutosha kivulini. Na hapa ndipo penye uzito, Mheshimiwa: anayelipwa kwa kutwa asikatwe hata shilingi kwa saa hizo. Akikatwa, yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kurudi juani, maana watoto nyumbani wanasubiri unga.

Kanuni ikitoka kabla ya Desemba, wakandarasi watapata muda wa kupanga upya ratiba zao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mwashi, Mbagala