Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mkaguzi aje kwanza, injini ing'olewe baadaye

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam kutoka Tanga. Barua ya ofisi yako ilitufikia Jumatatu ya wiki iliyopita. Ina mistari sita, na mstari wa nne ndio uliotufanya tuandike hadharani. Tunaamriwa ndani ya siku 14 tuing'oe injini ya ndege ya viti viwili tunayoiunda, tuifunge kwenye kreti na kuisafirisha Dar es Salaam, kwa sababu "ni mbovu".

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, injini hiyo hakuna aliyeikagua. Tunaomba jambo moja: mtume mkaguzi aione ikiwa mahali pake, kabla spana haijagusa bolti hata moja.

Kilichotokea Alhamisi ile, injini ilipozima yenyewe, kilitokea chini, ndege ikiwa imefungwa kamba na magurudumu yamezuiwa kwa magogo. Injini ni Rotax 912 UL ya nguvu za farasi 80. Ilizungushwa dakika 20, ikazimwa, boneti ikabaki imefungwa. Baada ya robo saa, saa saba mchana jua likiwa utosini, iliwashwa tena na ikashika sailensa (mzunguko wa polepole) vizuri. Ilipopandishwa hadi mizunguko 5,000 kwa dakika na kuachwa hapo nusu dakika, geji ya presha ya mafuta ilishuka kutoka baa 0.3 hadi chini ya 0.15, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kwa injini hii. Ikaanza kumisi, ikanyong'onyea, ikazima. Dakika 40 baadaye, boneti ikiwa wazi, iliwaka kana kwamba haikuwa na tatizo lolote.

Fundi yeyote aliyezoea joto la pwani ataanza kushuku mvuke ndani ya mpira wa mafuta. Hata hivyo hatukutaka kubahatisha, tukapima kimoja baada ya kingine.

Moto wa plagi hauhusiki. Injini hii ina mifumo miwili ya kuwasha inayojitegemea, na si rahisi yote miwili ife kwa mpigo. Asubuhi ile tulikuwa tumeipima kwenye mizunguko 4,000 kwa kuzima mfumo mmoja mmoja. Ukizima mmoja, mizunguko isishuke zaidi ya 300, na tofauti kati ya pande mbili isizidi 115. Upande mmoja ulishuka 140, mwingine 160. Tena hitilafu ya moto hukata ghafla na haigusi geji ya mafuta, ilhali hapa geji ndiyo iliyotangulia kushuka.

Maji nayo hayakuwemo. Tulichota mafuta sehemu ya chini kabisa ya tenki, tukayaacha kwenye glasi nyeupe, na hapakuonekana tone lililojitenga chini. Kuhusu uchakachuaji, tulitia maji kidogo kwenye chupa, tukaweka alama, tukaongeza petroli na kutikisa. Mstari wa maji haukupanda, maana yake hapakuwa na spiriti. Tukadondosha petroli kwenye karatasi nyeupe. Ilikauka bila kuacha doa la mafuta, ambalo ingeliacha kama ingekuwa imechanganywa na mafuta ya taa.

Wapo watakaosema ni barafu kwenye kabureta. Hoja hiyo hatuidharau, kwa kuwa hewa yenye unyevunyevu kama yetu inaweza kugandisha kabureta hata siku ya joto. Petroli inapogeuka mvuke kooni mwa kabureta, joto la hapo linaweza kushuka nyuzi zaidi ya 30. Lakini barafu ikiziba koo, bakuli za kabureta hubaki zimejaa mafuta. Sisi tulizifungua zote mbili mara tu injini ilipozima, na kila moja ilikuwa chini ya nusu. Kabureta mbili haziharibiki kwa wakati mmoja na kwa namna moja. Mafuta hayakuwa yakifika.

Na njia ya mafuta haikuziba. Injini hii hunywa lita 24 kwa saa ikiwa kwenye nguvu ya kuruka. Kwa ndege inayotumia pampu, mfumo unatakiwa kutoa angalau asilimia 125 ya kiasi hicho, yaani lita 30 kwa saa, au lita moja kila dakika mbili, pua ikiwa imeinuliwa kama ndege inayopanda na tenki likiwa na mafuta kidogo. Tulipima hivyo injini ikiwa baridi, tukapata lita moja kwa dakika moja na sekunde 40. Ikiwa baridi inapita kwenye kipimo, ikiwa moto inakufa. Tofauti ni joto.

Kwa hiyo tulifuata mpira kwa macho na vidole kutoka kwenye tenki. Mpira wa kuvuta mafuta unapita sentimita mbili juu ya bomba la ekzosi bila soksi ya kuzuia moto. Pampu ya umeme imefungwa ndani ya boneti, kwenye ukuta wa kuzuia moto unaotenganisha injini na rubani, badala ya kukaa chini karibu na tenki ikayasukuma mafuta. Njia ya kurudisha mafuta kwenye tenki, yenye tundu la milimita 0.35 la kudhibiti, haipo. Petroli ya gari huchemka mapema kuliko petroli ya ndege, na pampu inapovuta hupunguza presha ndani ya mpira, hivyo mafuta huchemka mapema zaidi. Pampu imetengenezwa kusukuma kimiminika. Ikimeza mvuke inazunguka bure.

Mpira huo tuliufunga sisi, Mheshimiwa. Hatumsingizii mtu. Ndiyo maana tuliomba jicho la pili kabla ya boneti kufungwa. Barua yetu ya kwanza iligongwa muhuri wa mapokezi ofisini kwako mwezi Oktoba. Tuliahidiwa mkaguzi kabla ya masika. Masika yakapita, tukaahidiwa kwa simu kwamba angekuja "wiki ijayo". Wiki hiyo hatujaiona hadi leo. Kazi yenyewe ni ya siku moja, na basi la asubuhi kutoka Dar linamfikisha hapa siku hiyohiyo.

Sasa fikiria kitakachotokea tukitii amri. Kung'oa injini ni kukata kila mpira, kufungua ekzosi, kutoa pampu. Injini itakayofika Dar itafungwa kwenye benchi kwa mipira mingine, chini ya paa, na itanguruma vizuri kutwa nzima. Ripoti itasema haina tatizo, au itatafuta tatizo ndani ya silinda ambako halipo. Sentimita zile mbili kati ya mpira na ekzosi hazitaingia kwenye kreti. Na mwenye ndege nyingine aliyepitisha mpira wake vilevile ataendelea kuruka nao.

Isitoshe, kung'oa kuna madhara yake. Mfumo wa oili ukifunguliwa huingiza hewa. Wakati wa kuirudisha ni lazima plagi zitolewe na injini izungushwe hadi presha ya oili ionekane kwenye geji, la sivyo tapeti (vinyanyua vali) zinaweza kuumia siku ya kwanza ya kuwasha. Huku pwani upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya banda, na vyuma vya ndani ya injini iliyoachwa wazi huanza kutu mapema. Gharama ya kreti, gari na vizibo ni yetu, na tumekwisha kulipia banda hili miezi yote tuliyokuwa tukimsubiri mkaguzi.

Akija, aangalie na mengine ambayo macho yetu yanaweza kuwa yameyazoea. Waya wa ethi (wa kurudishia umeme) kati ya injini na fremu: injini imekalia raba, na waya huo ukilegea, umeme wa starta hutafuta njia kwenye kebo ya resi na kuiunguza. Nati zenye nailoni zilizo karibu na ekzosi, maana hazifai joto linapozidi nyuzi 120. Ukuta wa kuzuia moto tulioutengeneza kwa bati la chuma kisichoshika kutu la milimita 0.4, apime matundu yake yote. Akiona jambo baya kuliko la mpira, tutalikubali. Akisema injini ing'olewe baada ya kuiona, tutaing'oa siku hiyo mbele yake.

Uingereza, wakaguzi wa chama cha ndege nyepesi hupita hatua kwa hatua kabla sehemu haijafunikwa. Hatuombi kuanzishiwa mfumo kama huo leo. Tunaomba mtu mmoja, siku moja.

Tumetia alama ya rangi nyekundu kwenye kila kiungo cha mpira na kila nati, ili ijulikane hakuna kilichosogezwa tangu Alhamisi. Boneti imefunguliwa, betri imechomolewa, mafuta yametolewa kwenye tenki. Siku 14 zinaisha Jumatatu ijayo. Tafadhali, Mheshimiwa, mtume kabla ya siku hiyo.

Wako katika kazi,
Mafundi wa ndege ndogo, Tanga