Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda: pamba sio lazima ichemshwe ndo iwe nyeupe

Mheshimiwa Waziri, salaam. Naenda moja kwa moja kwenye ishu maana najua muda wako ni mdogo.

Serikali ni mnunuzi mkubwa wa mashuka na sare, na tenda ikitaka weupe wa juu kabisa kwa kila kitambaa bas kiwanda kitachemsha. Utaratibu wa kawaida ni pamba kupikwa kwenye hidrojeni peroksaidi (dawa ya kupausha) na kostiki soda (magadi makali), nyuzijoto 95 mpaka 98, kama saa nzima hivi, boila inakula mafuta muda wote huo, alafu kitambaa kinasuuzwa, kinatiwa asidi kuua ile kostiki, kinasuuzwa tena. Na pamba yenyewe inaumia, inapungua uzito na uimara, yaani maji yakiwa na kutu kidogo tu peroksaidi inachachamaa pale pale na kutoboa kitambaa.

Sasa kuna kitu kinaitwa TAED, wala sio kigeni, kimo kwenye sabuni nyingi za unga. Kikikutana na peroksaidi kinazaa asidi ya perasetiki, hiyo ndo inapausha, kwa nyuzi 60 au 70 tu na bila ile kostiki kali. Peroksaidi inayobaki unaitilia kimeng'enya cha katalesi, inavunjika kuwa maji na oksijeni, unaingia kwenye rangi bila kusuuza mara kibao.

Ila asije mtu akakuuzia haipokloraiti, ile dawa ya kupausha yenye klorini, eti nayo haihitaji moto. Ni kweli haihitaji, lakini inaacha misombo ya klorini kwenye majitaka, hapo umehamisha tatizo tu.

Sikufichi, TAED inaongeza gharama ya kemikali, na vile vipande vya ganda la mbegu ya pamba haviondoki vizuri kama kwenye moto mkali. Lakini sare inayoenda kupakwa bluu iliyokolea, nani atauona huo weupe wa chini yake?

Ombi langu ni hili: weupe wa juu udaiwe kwa bandeji na mashuka tu, vya kutiwa rangi nzito vipimwe uimara na majitaka yaliyotoka, na ushuru wa TAED na katalesi upunguzwe kwa kiwanda kitakachoonyesha bili ya mafuta ya boila imeshuka. Muanze na sare, ndo rahisi.