Barua ya wazi kwa Rais wa NCAA: Wapiga mpira wawekwe nje ya hesabu ya wachezaji 105

Mheshimiwa Charlie Baker,
Rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani.

YAH: NAFASI ZA WAPIGA MPIRA KATIKA VIKOSI VYA FUTIBOLI YA VYUO VIKUU

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wengi ninaowafahamu hapa Marekani, waliotoka Afrika Mashariki, wana kijana aliyekulia kwenye soka hadi kocha wa shule ya sekondari alipouona mguu wake na kumhamishia futiboli ya Kimarekani awe mpiga mpira, yaani mchezaji anayeingia uwanjani kwa kazi ya kuupiga mpira kwa mguu tu. Nami ni mmoja wao.

Kuanzia 1994 hadi msimu wa 2024, timu ya ngazi ya juu iliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 wenye ufadhili wa masomo, na kila aliyefadhiliwa, hata kwa sehemu tu, alihesabiwa kuwa nafasi moja kamili. Kwa hesabu hiyo, kocha aliyebakiwa na nafasi moja aliitumia kwa beki, na mpiga mpira akaambiwa aje kwa gharama zake mwenyewe, aonyeshe uwezo, mengine yazungumzwe baadaye. Haukuwa utaratibu wa kusifiwa. Hata hivyo mlango ulikuwepo, kwa kuwa msimu ukishaanza wachezaji wasio na ufadhili hawakuwa na kikomo. Rodrigo Blankenship alipitia mlango huo pale Georgia: alijiunga bila ufadhili, akaupata msimu wa 2017, akafunga kutoka yadi 55 katika mechi ya Rose Bowl ya Januari 2018, na mwaka 2019 akatwaa tuzo ya Lou Groza ya mpiga mpira bora wa vyuo.

Suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliifungua dhidi ya NCAA kuhusu malipo, iliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken tarehe 6 Juni 2025, imefuta kikomo cha ufadhili na kuweka kikomo cha kikosi, yaani wachezaji 105 kwa chuo kilichojiunga nayo. Anayeisoma harakaharaka atadhani mpiga mpira amenufaika, kwa kuwa sasa ufadhili unaweza kugawanywa na kila mmoja kati ya hao 105 anaweza kupewa. Lakini ufadhili unaozidi kiwango cha zamani unaingia katika dari la fedha ambazo chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake, takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, hadi kufikia dola milioni 2.5; na kocha anayelipa beki wake kwa fedha hizo hatakuwa na haraka ya kumkumbuka kijana anayeingia uwanjani mara chache katika mechi. Wakati huohuo ile njia ya kuingia bila ufadhili imebanwa, maana mpiga mpira wa akiba sasa anagombea nafasi moja na beki wa akiba.

Kazi za wapiga mpira, pamoja na ya anayewarushia mpira, ni tatu na hazibadilishani: anayepiga kutafuta pointi, anayeupiga mpira mbali ili kuwarudisha wapinzani nyuma, na anayewarushia hao wawili mpira kwa kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake. Timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, ina wachezaji 53 tu, ila mpiga mpira wake akiumia Jumapili, Jumanne inamwita mwingine asiye na timu. Chuo hakina soko kama hilo katikati ya msimu. Kocha asiyekuwa na mpiga mpira wa akiba kikosini atampeleka mlinda mlango wa timu ya soka, kama chuo kinayo.

Najua kikomo hiki hakikutungwa na ofisi yako peke yake. Lakini suluhu yenyewe imeshakubali msamaha: jaji alikataa kuidhinisha rasimu ya awali mpaka wachezaji waliokuwa wanapoteza nafasi zao walindwe, na hao sasa hawahesabiwi ndani ya kikomo. Msamaha huo utakwisha watakapohitimu.

Ninachoomba ni kwamba NCAA, pamoja na ligi za vyuo na mawakili wa wanamichezo, ipeleke mahakamani marekebisho yatakayoruhusu wachezaji watatu nje ya 105, mmoja kwa kila kazi niliyoitaja, wasio na ufadhili wa michezo na wasioruhusiwa kucheza nafasi nyingine yoyote msimu huo. Sharti hilo la mwisho ndilo litakalomzuia kocha mjanja kumsajili beki kwa jina la mpiga mpira. Ombi hili lifikishwe kabla ya usajili wa Desemba, kwa kuwa kijana aliyeambiwa mwezi huo kwamba hakuna nafasi huwa ameshakataa vyuo vidogo vilivyomtaka.

Wako katika michezo,
Mzazi, Columbus, Ohio