Kwa nini hatugusi presha ya tabo kabla ya kuipima injini

Mteja mmoja ameondoka hapa gereji akiwa amekasirika, na maneno aliyoyasema getini tumeshayasikia kwa wengi kabla yake: "Nimekuja kuongezewa nguvu, mmenitoza laki na nusu ya kupima, na gari linatoka vilevile lilivyoingia." Baadaye akawaandikia wenzake kwenye kundi lao la WhatsApp kwamba sisi ni wezi. Hili si jibu la kwake peke yake. Tunawajibu wote wenye Subaru WRX, Forester ya tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuijazia injini upepo zaidi), Altezza na gari lolote la mbio lililokwisha kutembea miaka 20, ambao wanakuja wakisema wanataka "liamke".

Gari la mteja huyo ni WRX ya 2001, ile ya taa za duara. Dashibodi inaonyesha kilometa 87,000. Tulipofungua boneti tukakuta kibandiko kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa kufuatana na pistoni. Mafundi wa Japani wana tabia nzuri ya kubandika pale wakibadilisha mkanda, wanaandika tarehe na kilometa. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka na kila mtu: mkanda ulibadilishwa kwenye kilometa 104,000. Yaani kabla gari halijapanda meli lilikuwa limeshapita namba inayoonyeshwa leo. Mtu fulani njiani alirudisha kilometa. Mwenye gari alikuwa analo kwa muda mrefu tu na hajawahi kukiona kibandiko hicho, na kukiona tu kunamwambia kwamba hajui mkanda alionao sasa umetembea kiasi gani. Mkanda huo kwenye injini hii hubadilishwa kila takriban kilometa 100,000.

Kisha tukapima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuikandamiza. Injini ya gari hili, EJ20, imelala, pistoni mbili kila upande, na plagi zinatazama pembeni kwenye chasisi. Kuzifikia lazima utoe betri, boksi la filta ya hewa na chupa ya maji ya waipa, halafu ufanye kazi kwa kupapasa, spana ikiwa na kiungo cha kupinda. Si kazi ya dakika kumi kama kwenye IST. Silinda tatu zilisoma karibu psi 145. Silinda namba 4 ilisoma 118. Hapo fundi mwingine angesimama na kusema "kuna shida". Sisi tunaendelea: tunaipandisha pistoni mpaka juu, tunafunga mpira wa kompresa kwenye tundu la plagi, tunaingiza upepo na kusikiliza unatokea wapi. Ukitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ukitokea upande wa filta, ni valvu ya kuingizia. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi ya hedi. Kwa gari hili tulifungua kifuniko cha kujazia oili, na upepo ukawa unafoka pale, unausikia bila kuinama. Hizo ni ringi, zile duara za chuma zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda, au kingo za pistoni zinazozishika hizo ringi.

Hicho ndicho alicholipia laki na nusu. Alilipia kujua kwamba injini yake imebakiza muda mfupi, na kwamba tukipandisha presha ya tabo atarudi nalo kwenye gari la kuvuta. Tungeweza kuchukua pesa yake ya kuongeza nguvu, ambayo ni nyingi zaidi, na kumruhusu aende zake akifurahi kwa wiki mbili.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni kale kavalvu kadogo ka kuzidishia presha. Kanauzwa bei ndogo, kanafungwa kwenye mpira wa tabo kwa nusu saa, na mtu anahisi gari limekuwa jingine. Kweli limekuwa jingine. Kompyuta ya WRX iliyoletwa kutoka Japani ilipangwa kwa petroli bora ya huko, yenye okteni 100 (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka mapema). Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Tayari injini inafanya kazi kwa tahadhari, inachelewesha cheche ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati. Sasa wewe unaongeza upepo. Ukiwa umeshakata na mafla ukaweka ekzosi kubwa, tabo inazunguka kwa wepesi na presha inapanda yenyewe kupita pale kompyuta ilipopangiwa. Pampu ya petroli ya miaka 20 haiwezi kufikisha mafuta yanayolingana na upepo huo. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani upepo mwingi na petroli kidogo, joto linapanda, mlipuko unatokea pistoni ikiwa bado inapanda, na kingo nyembamba kati ya ringi na ringi zinakatika vipande.

Kijana mmoja alifungiwa kavalvu hako mtaani, akatoka usiku kwenda Morogoro. Anasema gari lilikuwa linaruka. Kabla ya Chalinze likaanza kutetemeka na kutoa moshi wa bluu nyuma. Tulipofumua, pistoni ya silinda namba 4 ilikuwa imemeguka ubavuni, na ukuta wa silinda umechorwa mistari unayoishika kwa ukucha. Akanunua injini ya mtumba, na kwa kuwa pesa ilikuwa imeisha, akaifunga bila kuipima. Hiyo nayo ilikuwa inakula oili tangu siku ya kwanza. Injini ya mtumba ni gari la mtu mwingine ambalo hujui alilitunzaje, kwa hiyo nayo ipimwe mezani kabla hujailipia, na muuzaji akikataa isipimwe, ondoka dukani kwake.

Njia ya mkato ya pili inatukera zaidi, maana inafanywa na mafundi wenzetu: kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Gari likichemsha kidogo kwenye foleni ya Mwenge, fundi anaing'oa, anajaza maji ya bomba na kusema "sasa halitachemsha tena". Mshale wa joto unakaa chini na mwenye gari anafurahi. Injini ambayo haifiki joto lake inadhaniwa na kompyuta kuwa bado ni baridi, kwa hiyo inaendelea kumwagiwa petroli ya ziada. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuchanganyika na oili. Tulipokea Forester moja ambayo ukichomoa kipimo cha oili na kukinusa, ni petroli kabisa. Oili ilikuwa nyepesi kama maji na imepanda juu ya alama. Mwenye gari alituambia kwa fahari kwamba gari lake halipunguzi oili hata kidogo. Na kilichokuwa kinalichemsha mwanzoni ni feni moja ya rejeta iliyokuwa haizunguki.

Ndugu yake na hii ni kuweka oili nzito ya 20W-50 ili kuzima sauti ya injini inayogonga. Beringi iliyokwisha haiponi kwa oili nzito. Unaficha sauti tu, na ile tabo inayozunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika inasubiri oili ambayo asubuhi inajikokota kwenye mabomba membamba. Baadhi ya injini hizi zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili ya tabo. Kikiziba kwa uchafu wa oili iliyopitiliza muda, tabo inakufa, na ukifunga tabo mpya bila kukitazama kichujio, nayo inakufa. Tunamwaga oili kila kilometa 5,000, hatubishani kuhusu hilo.

Turudi kwenye bei, maana ndipo maneno mengi yanapoanzia. Watu wanauliza kwa nini tunakataa kubadilisha mkanda wa taimingi peke yake, tunataka seti nzima: mkanda, tenshena, puli zote, pampu ya maji na sili za mbele. Wanadhani tunajazia bili. Mkanda mpya hauna faida ukipita juu ya puli yenye beringi ya zamani. Mteja mmoja alitukatalia, akabadilishiwa mkanda tu mahali pengine kwa bei nafuu. Puli moja ikakwama akiwa Mlandizi, mkanda ukaruka, valvu zikapigana na pistoni. Alirudi kwetu kutengeneza hedi zote mbili. Kile alichookoa hakikufika hata sehemu ya kumi ya alicholipa. Pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ikivuja miezi sita baadaye unalipa ufundi uleule upya.

Kuna wanaotutajia mbio za Safari. Ni kweli, Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, jamii moja na WRX, na Richard Burns akaishinda ya 2000 kwa Impreza vilevile. Sisi wenyewe ndiyo sababu tunazipenda gari hizi. Lakini magari yale yalikuwa yanasubiriwa kwenye vituo vya sevisi na mafundi kadhaa, yanabadilishwa shokapu na vifaa vingine kabla hata havijalalamika. Uimara ule ulikuwa unatoka kwenye spana.

Kazi yetu inafuata mpangilio, na hatuuruki. Kwanza tunarudisha nguvu ambayo tayari ni yako. WRX hiyo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250, na nyingi zinazoingia hapa hazina kiasi hicho tena. Plagi zimeisha, koili zimechoka, mipira ya tabo imepasuka upande usioonekana, sensa ya hewa imechafuka kwa sababu mtu aliweka filta ya kupaka mafuta akaipaka kupita kiasi. Ukivimaliza hivyo, wateja wengi wanarudi kutuuliza tumeongeza nini. Hatujaongeza kitu.

Kisha tunaenda kwenye breki, bushi na tairi. Hapa naomba wenye Subaru wasikilize vizuri: usinunue tairi mbili mpya ukaacha mbili zilizolika. Gari linavuta kwa magurudumu yote, na tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma inamaliziwa ndani ya difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Inapata moto kila kilometa unayotembea, mpaka siku unakata kona ya maegesho na gari linagoma kama limefungwa kamba. Difu hiyo bei yake inazidi tairi zile mbili ulizoziacha.

Hapo ndipo tunafika kwenye nguvu: pampu mpya ya petroli, ekzosi, kisha kompyuta inapangwa upya kwa petroli ya hapa Dar, si kwa faili la kushushwa kwenye intaneti ambalo mtu wa Uingereza alilitengenezea gari lake. Tunaendesha tukiwa na saa ya kupima mchanganyiko kwenye ekzosi, na tukisikia dalili ya mlipuko wa mapema tunarudisha nyuma. Hatutafuti namba ya kujisifia kijiweni.

Na kupima kunaweza kukupunguzia gharama. Altezza moja ililetwa na mwenyewe akiwa ameshalipia kishika nafasi cha injini nyingine, kwa kuwa fundi wake alimwambia "imenoki". Gari lilikuwa linakosa moto. Tulichomoa koili zikatoka zimelowa. Mashimo ya plagi yalijaa oili kwa sababu sili za tapeti kava zilikuwa zimekauka. Sili, plagi na koili mbili, gari likaondoka. Pesa yake ya kishika nafasi alirudishiwa nusu tu.

Ukitaka kuja, tupigie siku moja kabla. Lilete gari jioni lilale hapa, tuliwashe asubuhi likiwa baridi, maana kuna sauti zinazosikika dakika ya kwanza tu kisha zinapotea. Usimwage oili kabla ya kuja, hiyo ya zamani inatueleza mengi. Usioshe injini, tunataka kuona inapovujia. Kama unayo karatasi ya mnada wa Japani, njoo nayo. Majibu ya kila silinda tunakuandikia, uende nayo hata kwa fundi mwingine ukitaka, na laki na nusu inakatwa kwenye bili ukifanya kazi kwetu. Kila spea ya zamani tunayotoa inawekwa kwenye boksi na kukabidhiwa kwako. Ukiona hatujakupa, idai.