Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Umeme wa Maji cha Kijiji

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka huu mnazifahamu, nami sitazirudia kwa kirefu. Kamati ilikutana mara 9, kibali cha kutumia maji kilipatikana kutoka bodi ya maji ya bonde letu, mradi uliandikishwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo haidai leseni kwa mtambo usiofikia megawati 1, na banio la kuchepushia maji ya mto limekamilika.

Naomba nieleze zaidi uamuzi wa kununua mtambo wa kilowati 80, kwa kuwa umezua maneno mengi, tena nje ya vikao. Wapo wanaosema kwamba kamati, na hasa mimi, tumekinyima chama soko la TANESCO, shirika la umeme la taifa, kwa sababu kanuni za wazalishaji wadogo zinamtaka anayeuza kwenye gridi ya taifa awe na mtambo wa kilowati 100 hadi megawati 10. Kanuni hiyo niliisoma mwenyewe kikaoni kabla hatujapiga kura.

Shida yetu ni maji ya kiangazi. Mwanzoni mwa Novemba, mto ulipokuwa chini kabisa, niliingia majini pamoja na fundi wetu, tukaziba mkondo kwa mbao na udongo wa mfinyanzi, tukaacha mkato wa kupimia maji wenye upana wa mita 1. Asubuhi tatu mfululizo rula ilisoma maji ya sentimita 26 juu ya ukingo wa chini wa mkato, yaani lita 240 hivi kwa sekunde. Tukishawaachia wenzetu wa bondeni sehemu yao, kama kibali kinavyotutaka, zinabaki lita 200, nazo zikishuka mita 60 ndani ya bomba, na kwa kutoa nguvu inayopotea kwenye bomba, turbaini na jenereta, tunapata kilowati 80. Mtambo wa kilowati 150 ungezunguka vizuri masika, kisha ungekosa maji miezi ileile ambayo wenye mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea wanatutegemea, huku deni lake likiendelea kudaiwa.

Linaloniuma zaidi ni mahudhurio. Mkutano uliopangwa kujadili suala hili mwezi Agosti ulihudhuriwa na watu 43 kati ya wanachama 186, ukaahirishwa kwa kukosa akidi. Daftari la mahudhurio ninalo, na wengi wanaolalamika leo hawamo. Waliolipa ada ya shilingi 60,000 ni 71 tu, hivyo chama kinadai wanachama wake shilingi milioni 6.9, wakati nguzo za kufikisha waya zahanati bado hazijanunuliwa. Nauli za kufuatilia kibali mjini nilizitoa mfukoni mwangu mara nne, na sijazidai.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na ada zikilipwa, kulaza bomba lililobaki, kufunga mtambo na kuanza na wateja walio karibu na barabara.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti